Siku Mama Alipotupeleka Ziwani

Mama alinipigia simu nikiwa zamu wodini, akaniambia Jumamosi nisipange kitu chochote.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Tunaenda matembezi. Wewe, Marete, mimi na Ebla. Tutakupitia hapo Embu asubuhi."

"Matembezi ya wapi?"

"Kiambere. Kwa ziwa."

Nilidhani sijasikia vizuri. Kwetu Githongo hakuna mtu aliyekuwa akienda matembezi. Tulikwenda sokoni, kanisani, kiwandani kupeleka kahawa, hospitalini kumwona mgonjwa, na matangani. Ukionekana barabarani bila mojawapo ya sababu hizo, majirani walikuuliza una shida gani. Mama alikuwa amepita miaka sitini, na neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Nikampigia kaka yangu Marete. Yeye ni naibu wa mwalimu mkuu na mzee wa kanisa, na tangu baba afariki amelichukua kila jambo la mama kuwa mzigo wake. Tayari alikuwa na jibu.

"Anataka kununua shamba huko chini," alisema. "Hiyo biashara ya ndengu imempanda kichwani. Naenda niangalie hati kabla hajatapeliwa."

Biashara ya ndengu, yaani choroko, ilikuwa ya mama na rafiki yake Ebla, mwanamke wa Kisomali mwenye duka la nguo na nafaka mjini Meru. Baba aliugua sukari kwa muda mrefu hadi akakatwa mguu, na alipofariki mama alikaa nyumbani mwaka mzima akiitazama miti ya kahawa kama mtu anayengoja gari lililokwisha kupita. Ebla ndiye aliyekuja kumtoa. Wakaanza kupeleka ndizi na viazi vya Kibirichia hadi soko la Kiritiri kwa pikapu ya kukodi, na kurudi na ndengu za Wambeere. Sisi watoto tulifurahi kwamba amepata kitu cha kumshughulisha. Hatukuuliza zaidi ya hapo.

Jumamosi walinipitia. Marete alikuwa amevaa tai, tayari kwa mambo ya shamba. Tulishuka kutoka Embu kuelekea Kiritiri, na kadiri joto lilivyozidi ndivyo mama alivyozidi kupunguza nguo: kwanza sweta, kisha kitambaa cha kichwa, kisha viatu. Ebla alikaa naye kiti cha nyuma wakicheka kwa sauti ya chini kama wasichana wa bweni. Nje, mashamba ya kijani yaliisha, ikaja migunga, udongo mwekundu na mbuzi waliosimama kwa miguu miwili kufikia majani.

Barabara ilipokoma tuliona maji. Ziwa la Kiambere si la mtu kulikuta ghafla. Linaanza kama mng'ao katikati ya vichaka, unadhani ni mabati ya nyumba ya mtu, kisha unatambua kwamba mabati hayo hayana mwisho. Ukingoni alikuwa amesimama mzee mrefu, mwembamba, mwenye kaptura ya khaki na kofia iliyochakaa. Alitusalimia mmoja mmoja kwa mikono miwili.

"Mimi naitwa Runji. Karibuni sana. Chai iko kwa chupa, lakini upepo ni mzuri saa hii. Tuinywe huko ndani."

Marete aliangaza macho huku na huku. "Na hilo shamba liko wapi?"

"Shamba gani?" Runji akashangaa.

"Hakuna shamba," mama akasema. "Tunapanda hiyo."

Alikuwa ameelekeza kidole kwenye mashua iliyofungwa kwenye mti. Ilikuwa ndogo, nyeupe, rangi yake imebambuka, na juu ya mlingoti lilikuwa limekunjwa tanga lenye kiraka kikubwa cha turubai ya bluu. Nilikuwa sijawahi kuona tanga kwa macho. Kiswahili tulikisoma shuleni, na ninakotoka neno hilo tunalijua kwa maana moja tu, ile ya kufiwa.

Runji alitueleza habari ya mashua hiyo huku akitugawia jaketi za kuelea. Ujana wake aliumalizia kwenye ujenzi wa bwawa. Maji yalipojaa, mhandisi mmoja wa kigeni aliyebaki kuangalia mitambo aliileta mashua kwa lori, na kwa kuwa hakuweza kuiendesha peke yake, alimfundisha Runji. Siku ya kuondoka alimwachia. Watu wa pale walingoja mzee achoke nayo aipasue kuni. Hakuchoka.

"Hii maji iko na mamba?" Marete akauliza.

"Wako. Na kiboko wako. Lakini wao wana upande wao na sisi tuna wetu."

Marete alifunga jaketi juu ya tai. Tulipokuwa tumeingia na kila mtu anatafuta pa kukaa, Runji akamgeukia mama.

"Karambu, wewe kaa pale pako."

Sidhani kama msomaji wa mahali pengine ataelewa jinsi neno hilo lilivyotushtua. Karambu ni jina la mama yangu. Liko kwenye kitambulisho chake na kwenye kadi yake ya kanisa. Lakini katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia mtu akimwita hivyo. Baba alimwita Mama Marete. Majirani walimwita Mama Marete. Hata mama zake wadogo, walipozeeka, walimwita hivyo. Na sasa mzee wa kaptura alilisema jina lile kama kitu anachokitumia kila siku, na mama akaenda akakaa "pale pake," karibu na nyuma, akashika kamba bila kuambiwa ni ipi.

Nilimtazama Marete. Naye alikuwa ameona.

Tulisukumwa na upepo kutoka ukingoni. Nilikuwa nimejiandaa kuogopa. Badala yake lilinijia jambo nisilolitarajia: kimya. Gari lina kelele, wodi ina kelele, hata shamba la kahawa lina kelele za watu wanaoitana kutoka mtaro mmoja hadi mwingine. Hapa kitu kizima kilikuwa kinakwenda, chenye watu watano na chupa ya chai, na sauti pekee ilikuwa ya maji yanayopasuka taratibu mbele yetu. Niliona mabega yangu yanashuka. Ebla alikuwa ameshika ubao kwa mikono miwili, macho amefumba, midomo inacheza dua, lakini hata yeye baada ya kitambo alifumbua macho akasema, "Subhanallah, hii ni kama kulala."

Tuliupita msitu wa miti mikavu iliyosimama ndani ya maji tangu bonde lijazwe, kila tawi na ndege wake. Runji alitufahamisha mambo ya mashua kwa maneno machache. Ule mti wa chini unaoshika tanga, alisema, huwa unahama upande; ukisikia amesema "chini," inamisha kichwa usiulize kwa nini. Kila alipotaka kugeuza, alimtazama mama tu, na mama alilegeza kamba au kuivuta. Hawakuongea. Nilikuwa nimeona ufahamiano wa aina hiyo kati ya daktari na muuguzi waliofanya kazi pamoja muda mrefu katika chumba cha upasuaji. Haupatikani kwa siku moja.

"Mama," Marete akasema, "umefika hapa mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Na mashuani umepanda?"

"Kila tulipokuja kuchukua ndengu," Ebla akadakia. "Mimi nalala kwa pikapu. Yeye anaenda kwa maji."

"Wewe nyamaza, abaayo," mama akamwambia, akimwita dada kwa Kisomali, lakini alikuwa anatabasamu.

Runji aliisogeza mashua hadi mahali penye kivuli cha kilima, ikawa inaelea tu, karibu isimame. Mama akamimina chai, akatugawia viazi alivyochemsha nyumbani. Alingoja hadi kila mtu ana kikombe mkononi. Kisha akasema, kwa sauti ileile ambayo angesema mvua imekaribia:

"Huyu mzee alifiwa na mke zamani. Ameniomba tuoane. Nimekubali."

Ebla alitazama viazi vyake. Runji alivua kofia, akaishika magotini. Mimi nilijua, nadhani nilijua tangu pale mzee alipotamka jina la mama.

Marete aliweka kikombe chini polepole. "Hapa ndipo ulipoamua kutuambia? Katikati ya maji?"

"Ndiyo."

"Kwa nini si nyumbani?"

"Nyumbani ungetoka uende zako. Ungeingia kwa gari, ungerudi na baba yako mdogo Thuranira na wazee wengine wawili, na mimi ningeletewa chai katika nyumba yangu mwenyewe, nikae nisikilize watu wakinizungumzia." Akaonyesha maji kwa kikombe. "Hapa huna pa kwenda. Utanisikiliza."

"Mama, una wajukuu! Mimi ni mzee wa kanisa. Watu watasema nini?"

"Marete, sikuwaita kuomba ruhusa. Nimewaita mumjue."

"Mzee," Marete akamgeukia Runji, "wewe unajua huyu ni mama ya watu? Unajua ana kwake?"

"Najua," Runji akasema. "Na sitaki aache kwake."

Labda kama angejibu kwa ukali, kaka yangu angebaki amekaa. Upole ule ulimwumiza zaidi. Aliinuka. Wakati huohuo upepo, uliokuwa umefichwa na kilima, ulizunguka ukatupiga kutoka nyuma. Runji alipaza sauti, "Chini!" Mimi na Ebla tuliinama. Marete alikuwa amesimama wima, amelipa tanga mgongo, kidole hewani. Ule mti ulikuja kwa kasi kama mlango uliosukumwa na mtu mwenye hasira, ukamchukua begani, na kaka yangu akatoweka.

Nilisikia maji yakipasuka, kisha sauti yangu mwenyewe ikipiga yowe. Alipoibuka, jaketi ilikuwa imempanda hadi masikioni na mikono yake inapiga maji ovyo. Jambo nililokuwa silijui ni kwamba mashua ya tanga haisimami kwa sababu mtu ameanguka. Ilikuwa imeshika upepo, inakwenda. Kichwa cha Marete kilikuwa kinabaki nyuma, kinakuwa kidogo, na mimi nilikuwa nimenyoosha mkono kama mjinga, kana kwamba ungefika.

"Karambu, tugeuze," Runji akasema. Alimwachia usukani, akatambaa kwenda mbele na kamba.

Mama alishika usukani. Kwanza alifanya kitu kilichoniogopesha: aliipeleka mashua mbali zaidi, akamwacha mwanawe nyuma kabisa, hadi nikamshika mguu nikilia, "Mama, huko siko!" Hakuniangalia. Alikuwa anatafuta upepo kwa shavu lake. Kisha akaizungusha, tanga likapita juu ya vichwa vyetu kwa kishindo, na tukawa tunamwelekea.

"Marete!" akaita. Haikuwa sauti ya kilio. Ilikuwa sauti aliyotuitia tulipokuwa wadogo, kutoka jikoni, tunapochelewa mtoni. "Usipige maji! Lala chali, tulia. Ninakuja."

Na nikaona mikono ya kaka yangu ikitulia.

Tulipomkaribia, mama alilegeza kamba, tanga likabaki linapepea bila nguvu, na mashua ikamfikia polepole. Runji akamtupia kamba, kisha mimi na yeye tukamshika kwenye mikanda ya jaketi tukamvuta ndani kama gunia lililolowa. Alitapika maji na chai. Meno yalikuwa yanagongana. Ebla alivua shali yake kubwa ya maua mekundu, akamfunika kuanzia kichwani, na naibu wa mwalimu mkuu hakukataa.

Nilitarajia mama aje amkumbatie. Lakini hakuachia usukani. Aliendelea kutazama mbele, kwa kuwa upepo ulikuwa umekaza na watu wote watano tulikuwa mikononi mwake. Machozi yalimtiririka, naye akayaacha yakauke yenyewe. Nilikuwa nimemwona mama akiwa na shamba, akiwa na mgonjwa, akiwa na maiti ya mumewe. Sikuwa nimemwona akiwa na kitu anachokiongoza, nasi sote tukimfuata bila kubisha.

Runji hakumnyang'anya usukani. Alikaa chini karibu na Marete, akakamua tai yake, akaitandika ubaoni ikauke.

Tulikuwa tumerudi nusu ya njia Marete alipozungumza, akiwa ndani ya maua ya Ebla.

"Na baba?"

Hakuuliza kwa ugomvi. Aliuliza kama mtoto.

Mama aliunyoosha usukani. "Baba yako nilimwosha kidonda kila asubuhi hadi siku ya mwisho," alisema. "Sikuchoka naye. Usifikiri nilikuwa nangoja aende. Alipokwenda, nilidhani na mimi nimemaliza. Kila aliyekuja nyumbani aliniletea shida yake, au aliniletea mtoto nimlelee, na nilipokea, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya mama. Sasa siku moja tulikuja kuchukua ndengu, mvua ikatuzuia. Huyu mzee akaniuliza, wewe unapenda nini. Nikamwambia mimi ni mkulima wa kahawa. Akasema, hilo sikuuliza. Marete, nilikaa pale nikifikiria, na sikuwa na jibu. Nimekuwa na miaka hii yote na sina jibu."

Mimi nilikuwa natazama maji. Kazini ninauliza wagonjwa maswali kutwa: unaumwa wapi, umekula nini, unalala vizuri. Mama nilikuwa namuuliza kuhusu presha yake kila juma. Nilijiona mtoto mwema.

"Na sasa unalo jibu?" nikamuuliza.

"Nina kidogo," akasema. "Napenda hii."

Ukingoni Runji alikuwa amewaachia majirani mbuzi wa kuchoma. Tulikula. Marete alikula kidogo, akamshukuru mzee kwa heshima. Njia nzima ya kurudi Embu aliendesha kimya. Walipokuwa wananishusha, mama alimgusa begani, pale alipopigwa na ule mti. Alishtuka kwa maumivu, lakini hakusogea.

Miezi ikapita hawasemezani vizuri. Habari ilifika Githongo, kama kila habari, na baba mdogo Thuranira akaita kikao. Nilipanda kutoka Embu nikiwa nimejiandaa kupigana. Baba mdogo alisema kwamba hana neno na mama, mama ni mtu mzuri, lakini mwanamke akiolewa kwingine anaacha alichokikuta. Kahawa irudi kwa ukoo. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mama alikuwa amekaa karibu na mlango, mikono mapajani, na nilijua anawaza juu ya yale maji.

Marete ndiye aliyesimama. Nilifumba macho.

"Baba mdogo," alisema, "hiyo kahawa ilipandwa na mama. Mimi nilikuwa nabeba miche, nakumbuka. Baba alikuwa Timau kwa shamba la ngano, anakuja mwisho wa mwezi. Mama hakuikuta. Aliipanda."

Akakaa. Hakusema kwamba ndoa ni nzuri au mbaya, wala hakumtaja Runji. Baba mdogo alingoja aongeze, na alipoona haongezi, hasira zikakosa pa kushika. Kikao kiliisha kwa chai na mazungumzo ya bei ya mbolea.

Sijawahi kumuuliza kaka yangu ni nini kilichombadilisha, kama alibadilika. Wakati mwingine nafikiri ni ile sauti aliyoisikia akiwa majini. Wakati mwingine nafikiri alikuwa tu mtu mwenye haki, na haki yake ilichukua muda kufika.

Mama na Runji walioana katika kanisa dogo karibu na Kiritiri, Ebla akiwa ameshona nguo ya bibi harusi mwenyewe na kukaa mstari wa mbele kabisa. Mama hakuhama Githongo. Wakati wa kuchuma kahawa Runji hupanda juu, akavaa makoti mawili na kulalamika kwa baridi. Mavuno yakiisha wanashuka pamoja. Marete humpokea vizuri. Huongea naye kuhusu mvua, na kuhusu mvua, na basi.

Krismasi iliyofuata tulikwenda sote Kiambere, mke wa Marete na watoto pia. Chakula kilipoisha Runji alitandaza tanga, watoto wakapiga kelele za furaha, na mama akamgeukia Marete aliyekuwa ameketi kivulini na gazeti.

"Unakuja?"

"Nendeni," akasema. "Nimeshiba."

Mama hakumsihi. Alipanda, akashika usukani, tukaisukuma mashua ikaacha mchanga. Tulipokuwa tumefika mbali niligeuka nyuma. Marete alikuwa ameacha gazeti na kuja hadi ukingo wenyewe, maji yanamfikia viatuni, mkono ameuweka juu ya macho kukinga jua, anatutazama tunavyokwenda.